Gesi Iliyokatazwa Kuchemka

Kuanzia Jumatatu, Mamlaka ya Ubaridi ilitangaza kwa fahari kuu, hakuna gesi ya friji itakayoruhusiwa kuchemka chini ya nyuzi mia moja. Watumishi walipiga makofi. Kiyoyozi peke yake ndicho kilichoguna.

Mhandisi wa mahesabu, waliyemwita Bi Baridi, hakupiga makofi. Mikono yake ilikuwa imeshika kichwa. Balaa lilianzia kwake. Kwenye modeli ya kompyuta ya chumba cha baridi cha kuhifadhia chanjo za zahanati alikuwa ameandika ukweli mtupu: gesi hii huchemka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.

Mkurugenzi alisoma, akakunja uso. "Imechemka? Tena chini ya sifuri? Binti, hata mimi shuleni sikuchemka kiasi hicho!"

"Mheshimiwa, si kufeli. Ni kutoa mvuke. Ikichemka ndipo inapobeba joto la chumba."

"Mamlaka haijengi kwa vitu vilivyochemka. Weka mia, kama maji. Maji yana nidhamu."

Nje ya mlango Bi Baridi alimkuta dada yake, muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya ua.

"Mdogo wangu, chanjo za watoto nimezilaza kwenye friji langu, ubavuni mwa nyanya. Na friji lenyewe linakohoa. Chumba chetu cha baridi mnakijenga lini?"

"Gesi ikipata kibali."

"Kibali cha nini?"

"Cha kuchemka."

Dada akampapasa paji la uso kuona kama ana homa.

Basi Bi Baridi akatii. Aliingiza mia kwenye modeli. Kanieneo, ujazo wa mvuke, kila kitu kikalifuata tamko kwa adabu. Gesi mpya ilikuwa na nidhamu hasa. Haikukubali kupoza chochote mpaka ivutwe hadi karibu na utupu ndipo ichemke kwenye baridi, na mvuke wake ukatanda kama umbea. Kuusukuma wote kulihitaji kompresa ya ukubwa ambao kompyuta iliutaja bila haya.

Akapeleka mchoro.

"Safi sana!" Mkurugenzi alisema. "Na hili boksi kubwa?"

"Kompresa, mheshimiwa. Zahanati haina nafasi. Jengo zima, chumba kinachoitosha ni kimoja."

"Kipi?"

Bi Baridi akatazama zulia, akatazama mapazia, akalitazama kochi la wageni kwa huruma. "Hiki. Pamoja na choo chako cha ndani, bomba lipite."

Mkurugenzi alitoa kitambaa, akafuta jasho, akafuta tena.

Kabla ya chai tangazo jipya lilitoka: Mamlaka, kwa moyo wa huruma, imeisamehe gesi, na itachemka itakavyo.

Mashine iliyojengwa ilikuwa ndogo, ikatulia nyuma ya zahanati. Chanjo zikaagana na nyanya. Siku ya ufunguzi Mkurugenzi alikata utepe, akausifu ujasiri wake katika masuala ya mchemko.

Dada alinong'ona, "Hivi mwishowe, nani aliyechemka?"

"Gesi. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri."

"Na huyu?"

"Huyu alichemka kwa joto la kawaida la chumba."