Jenereta Lililokwenda Utakaso

Pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, mtu akikaa na kikombe cha chai kwa muda wa kutosha, riziki itampita mbele. Kazi yake ni kuitambua tu. Twalib Rehani alikuwa fundi wa kuitambua riziki, hasa riziki ya watu wengine. Lindi mjini aliwahi kuuza miwani ya kuonea samaki walipo chini ya maji. Kule Mtama aliuza dawa ya kuwazuia popo wasikojolee korosho, na wanunuzi wakaisifu, maana kweli hawakumwona popo hata mmoja akikojoa.

Asubuhi ile alikuwa anachovya chapati kwenye chai mara akateremka mzee mmoja kwenye bodaboda, kofia imekaa upande, simu sikioni, anapiga kelele utadhani simu yenyewe ndiyo kiziwi.

"Wakaguzi? Lini? Alhamisi hii hii? Yaa Rabi! Wanataka kuona nini? Vifaa vya Uviko? Vipo! Nakwambia vipo. Zahanati havipo, lakini vipo!"

Twalib aliiacha chapati ndani ya chai ikazama. Mtu wa namna hii, mwenye hofu na sauti kubwa, hukutani naye kila siku. Akamsogelea muuza chai akauliza kwa upole, na muuza chai, ambaye hakuwa na siri hata ya mkewe, akamweleza yote.

Yule alikuwa Mwenyekiti Bakary wa kijiji cha Nakihungu. Ugonjwa ulipokuwa umepamba moto, serikali ilileta vifaa kwenye zahanati yao: jenereta jipya, matangi ya kunawia mikono, magodoro, mavazi meupe ya kujikinga yanayomfunika mtu mpaka nywele, na kipima joto kile kinachoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Ugonjwa ulipopungua, vifaa vikaanza kutembea. Hakuna aliyeiba, Mungu apishe mbali! Watu waliazima. Mwenyekiti aliliazima jenereta likawa linaendesha banda lake la kuonyeshea mpira. Suleiman aliyaazima mavazi meupe, akawa anapulizia salfa mikorosho yake akiwa amevaa kama mtu aliyetoka mwezini. Zakia muuza maandazi aliazima kipima joto, na tangu siku hiyo mafuta yake ya kukaangia hayakuwahi kuwa na homa.

Mtu mmoja tu ndiye hakuazima kitu, naye ndiye aliyekuwa taabuni. Mama Imani, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyetia sahihi kuvipokea vyote. Alikuwa ameomba, amebembeleza, amegomba. Kila mtu alimwambia kesho. Wiki iliyopita alimzalisha mama mmoja kwa tochi ya simu aliyoing'ata kwa meno, na simu ikazima katikati ya kazi. Mtoto alipatikana salama, lakini Mama Imani alitoka nje akakaa kwenye ngazi akalia kwa hasira, huku akilisikia jenereta lake likinguruma bandani na watu wakishangilia goli. Sasa Alhamisi wakaguzi wangekuja, na wa kujibu angekuwa yeye.

"Maskini," alisema Twalib, na kwa muda mfupi alimwonea huruma kwelikweli. Halafu ikapita.

Jumanne alasiri aliingia Nakihungu amevaa koti jeupe alilolinunua kwa dobi mmoja wa Lindi. Koti lilikuwa limeshonwa jina mfukoni, *Dkt. Ngonyani*, na kwa kuwa kulifumua jina ni kazi, Twalib aliona ni rahisi zaidi kuwa Ngonyani. Juu ya pua aliweka miwani ambayo vioo vyake vilishaanguka zamani.

"Daktari Ngonyani," akajitambulisha barazani kwa Mwenyekiti. "Kitengo cha Utakaso."

"Utakaso wa roho?"

"Wa vifaa, mzee wangu. Roho ni kitengo kingine."

Nyuma ya nyumba jenereta lilikuwa linaunguruma bila aibu yoyote.

"Kirusi hiki ni kivivu," Twalib akaendelea, akishusha sauti. "Kikichoka kuwahangaisha watu, kinatafuta pa kulala. Kinapenda magodoro. Lakini zaidi ya yote, Mwenyekiti, kinapenda jenereta."

"Jenereta!"

"Kwa ajili ya joto."

"Sasa... tuseme mtu anacho kifaa. Si mimi. Mtu tu. Na wakaguzi wakaja wasikikute?"

"Kikiwa utakaso nani atauliza? Chombo kilicho utakaso ni kama mtu aliyekwenda hija. Unamwombea tu arudi salama."

Mwenyekiti alivuta kigoda karibu. "Na utakaso wa jenereta unachukua muda gani, daktari?"

Twalib alitega sikio, akalisikiliza lile lililokuwa nyuma ya nyumba kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Miaka."

"Alhamdulillah!" alisema Mwenyekiti kwa moyo wake wote.

Kesho yake asubuhi uwanja wa Mwenyekiti ulifurika. Watu waliokuwa hawana kifaa hata kimoja kwa miaka mitatu sasa walivileta wenyewe, wamevibeba vichwani, kila mmoja akieleza kwamba alikiokota. Suleiman alileta mavazi meupe yaliyogeuka manjano kwa salfa. Zakia alikileta kipima joto kimelowa mafuta. Akauliza kama utakaso ungekiondolea ile tabia ya kusema kila mteja ana joto la maandazi.

"Na mama mkwe wangu je?" Suleiman akadakia. "Anakohoa tangu mwaka ule. Mnaweza kumchukua na yeye? Hata kwa miaka."

"Utakaso ni wa vifaa tu, ndugu yangu."

"Basi," Suleiman akasema kwa huzuni.

Twalib alikuwa amekodi Canter ya Jafari, kijana wa Nangurukuru mwenye maneno machache na macho ya kucheka. Vitu vikapakiwa: matangi, magodoro, na jenereta juu yake kama bwana harusi. Mnunuzi alikuwa anasubiri kule Mtama. Injini tu ndiyo haijawashwa, funguo ziko mkononi mwa Twalib anazizungusha kidoleni. Hapo ndipo alipotokea mama mmoja wa makamo, amevaa sare ya uuguzi na kanga mabegani, amebeba bakuli lililofunikwa.

"Shikamoo, mama," Twalib akawahi. Tapeli asiye na adabu hafiki mbali.

"Marahaba, daktari. Mimi Mama Imani wa zahanati. Nimesikia mgeni wetu ataondoka na njaa, nikasema hapana." Akafunua bakuli: ndizi zilizopikwa na maharage, zimepondwa vizuri, zinatoa moshi. Twalib alishangaa kidogo, ndizi na maharage saa mbili asubuhi, lakini chakula cha bure hakiulizwi. Akainama kula.

Hapo nzi mmoja akapita katikati ya fremu ya miwani ya daktari, akatua kwenye kope. Daktari akamfukuza kwa kupitisha kidole pale pale palipotakiwa kuwa na kioo.

Mama Imani aliona. Akasoma mfuko wa koti.

"Ngonyani," akasema taratibu. "Ngonyani wa wapi, mwanangu?"

"Songea, mama. Mngoni halisi."

"Weee!" Mama Imani alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Mngoni! Jamani, mtani wangu huyu! Mnaniacha na njaa ya utani miaka yote, kumbe Mngoni ndiye huyu kaja mwenyewe!" Na kabla Twalib hajameza, funguo zilikuwa hazipo kidoleni. Zilikuwa kifuani kwa Mama Imani, mahali ambapo mwanamume mwenye heshima hapeleki mkono.

Hapa inabidi tusimame kidogo kwa heshima ya mila. Watu wa pwani ya kusini, kama Wamatumbi wa huku Kilwa, na Wangoni ni watani tangu wazee wao walipoacha kuchomana mikuki. Mtani akikuta kitu chako anaweza kukichukua mchana kweupe, mbele ya watu. Atakutukana, hata msibani atalala njia ya kaburini mpaka apewe chochote. Wewe kazi yako ni moja tu: kucheka. Anayemkasirikia mtani wake amejivua kabila lake mwenyewe.

Twalib aliyajua hayo kwa juujuu, kama mtu anavyojua kuwa moto unaunguza.

"Mama, funguo tafadhali. Hii ni mali ya serikali."

"Sikilizeni Mngoni anavyoomba! Babu zako walikuja huku na mikuki, wakarudi kwao na vikapu! Leo nachukua gari. Jafari, shika funguo, panda! Peleka zahanati."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Walicheka kupita kiasi, kama utani wenyewe una pilipili ambayo mgeni hajaionja. Zakia alikaa chini kabisa. Jafari alijifunika uso kwa kofia.

"Nitaita polisi!" Twalib akafoka.

Kicheko kikakatika. Watu wakamtazama. Mama Imani akaweka mikono kiunoni, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya huruma:

"Mngoni gani huyu anayemwitia mtani wake polisi? Labda si Mngoni. Na kama Ungoni si wa kweli, jamani, basi tuuangalie na udaktari."

Twalib alitazama huku na huku. Watu walikuwa wengi, barabara ilikuwa mbali, na Suleiman alikuwa ameshika bomba la kupulizia salfa. Basi akafungua kinywa, akacheka.

"Ha! Ha! Mama una utani wewe!"

"Zaidi!" Mama Imani akaamrisha. "Mngoni hacheki kama mwenye jino bovu!"

Akacheka zaidi. Alicheka Canter ikitoka, akacheka akitembea nyuma yake kwenda zahanati. Matangi yalipokuwa yanateremshwa alicheka huku ameshika mbavu, na jenereta lilipowekwa chumba cha kujifungulia alicheka huku machozi ya kweli yanamtoka.

Mwenyekiti Bakary, aliyeona utakaso wa miaka unaishia dakika kumi, alijaribu kuingilia. "Lakini Mama Imani, wewe si..."

"Mwenyekiti!" Mama Imani alimgeukia haraka. "Mambo ya watani huingilii. Au unataka kesho niwaeleze wageni wetu jenereta lilikuwa linatazama mpira wa nani?"

Mwenyekiti akagundua kwamba tangu siku hiyo mafuta ya jenereta yangekuwa juu yake.

"Koti hilo nalo, mtani," Mama Imani akaendelea, "linanifaa. Na viatu, kijana wetu wa usafi anatembea peku. Miwani baki nayo, nzi wanahitaji mlango."

Twalib akavua huku anacheka. Sauti ilikuwa imeshamkauka. Mwisho Mama Imani alimruhusu Jafari aondoke na gari lake, akampa mtani wake ndizi moja mbivu ya njiani, na akamkumbatia kwa upendo kabisa.

Walikwenda mpaka Nakihungu ilipopotea nyuma yao. Jafari alikuwa anatetemeka. Mara akasimamisha gari pembeni, akalaza kichwa kwenye usukani, akacheka mpaka honi ikalia.

"Unacheka nini tena? Utani si umekwisha?"

"Utani gani, kaka? Mama Imani si mtani wako!"

"Si Mmatumbi yule?"

"Mmatumbi! Yule Mhaya! Wa Bukoba huko, kaletwa na ajira. Wewe ulishaona wapi Mmatumbi anaamkia ndizi na maharage?"

Twalib aliitazama ile ndizi mkononi.

"Kijiji kizima mlijua? Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Mwenyewe ulikuwa unafurahi."

Twalib akashusha pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuibiwa na mtu aliyetumia kabila la bandia, na kilichomuuma ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa safi. Akanyoosha mkono akageuza kioo cha kutazamia nyuma, akajitazama: bila koti, miwani bila vioo, na chini miguu peku.

Jafari alikuwa amemgeukia, tabasamu limejaa uso mzima.

"Ila mimi," akasema, "ni Mmatumbi wa baba na mama. Kwa hiyo, mtani, hiyo saa lete."

Twalib aliitazama saa yake, akautazama umbali wa barabara na ukali wa jua. Akaivua. Akacheka.

Alhamisi wakaguzi walifika, wakahesabu kila kitu mahali pake, hata kipima joto. Mkubwa wao alikuwa mtu makini. Aliinama akanusa jenereta, akanusa mavazi, akanusa kile kipima joto.

"Mama," akasema, "hiki kinanuka maandazi, haya yananuka salfa, na jenereta lina vumbi la karanga za kutazamia mpira. Vilikuwa wapi?"

Ndani ya chumba cha kujifungulia taa iliwaka, na mtoto aliyezaliwa alfajiri akaanza kulia. Mama yake alikuwa amempa jina la Ngonyani, ingawa kwao hakuna Mngoni hata wa kupita njia. Mama Imani alilifunga vizuri koti lake jipya, mikono ikiwa imekunjwa mara mbili.

"Vilikuwa utakaso, bwana," akajibu. "Muulize Mwenyekiti. Daktari mwenyewe aliondoka hapa anacheka."