Goliathi wa Uyole

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi kali. Vidole havishiki kalamu vizuri, lakini jambo hili lazima liandikwe. Mwalimu Anord wa kwaya ametangaza igizo la Daudi na Goliathi, Jumapili hii, kwenye ibada ya mavuno. Mavazi ya vita nitengeneze mimi. Ni haki yangu. Uyole nzima hakuna mwingine aliyechonga panga la mbao likamkimbiza mgambo. Mchana nauza madaftari na kutoa kopi. Jioni mimi ni mfua silaha.

Lakini Goliathi kapewa Gwakisa, muuza nyama. Kisa urefu! Niliwaambia urefu ni suala la viatu. Kwaya nzima ikacheka, sauti zote nne.

Mpango umeshakaa kichwani. Deraya, lile vazi la kujikinga vitani, nitaishona kwa vipimo vyangu. Jumapili itamkataa Gwakisa mbele za watu, na wa kuenea humo atakuwa mmoja tu.

Jumanne, 5 Agosti

Maboksi sitaki tena. Ngao za mwaka jana nilizigandisha kwa uji wa ngano, kuku wakazila. Deraya ya kweli inataka sponji. Nimeitafuta nyumba nzima, nikaishia chumba cha wageni. Godoro zuri, nene, la maua mekundu. Tangu Pasaka hakuna aliyelilalia. Sekela, mke wangu, alikuwa sokoni. Nikalikata.

Kifua, mgongo, mabega, vikinga magoti. Gundi ya fundi viatu. Kitambaa chake nimekiacha ili sponji isichanike, maua nikayafunika kwa rangi ya fedha. Kofia ya chuma ni ndoo ya rangi. Nikajivika, nikasimama mbele ya kioo. Nilijiogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe amefika kutoka Tukuyu. Bila taarifa. Macho yanamsumbua, amekuja kliniki.

Nikamwahi Sekela, nikasema kitanda cha mama nitatandika mwenyewe. Nikapanga kifua, mgongo na mabega juu ya chaga, nikaziba nafasi kwa vikinga magoti. Shuka juu, na mablanketi. Ukisimama mlangoni ni kitanda kabisa. Sekela aliguswa. Ameshawasimulia majirani kwamba ana mume anayemtandikia mkwewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Sisi Wanyakyusa salamu ya asubuhi ni kumuuliza mtu kama amelala. Kwa hiyo leo nilipita mlango wa nyuma. Mama akanikuta huko huko. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kitanda chetu kina milima na mabonde kuliko Rungwe yote, na usiku kucha alikuwa anapanda. Gauni lake linang'aa fedha mgongoni. Huko kliniki, anasema, daktari alimtazama mgongo kwanza, macho baadaye.

Jioni Gwakisa kaja kujaribu deraya. Mama alikuwa amejilaza juu yake. Nikamwambia bado inakauka. Hakukasirika. Alikuwa amemletea mama maini. Mama anasema yule kijana amelelewa. Hakuna aliyeniambia mimi nimelelewa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilitegemea aondoke leo. Anasema atabaki aone igizo. Nikamshauri kwamba barabara ya Tukuyu itakuwa na ukungu akichelewa. Akajibu kwamba ukungu amezaliwa nao.

Jumapili, 10 Agosti

Mama alipoingia kuoga nilitoa deraya yote, nikajaza kitanda magunia ya maranda. Nikafika kanisani kabla ya mtu yeyote, moyo mweupe. Nikamkabidhi Gwakisa mbele ya kwaya, nikangoja imkatae.

Ikamwenea. Mama ni mtu wa mwili, na kulaliwa tangu Jumatano kumeitanua. Ilimkaa Gwakisa kana kwamba nilimpima. Nilipojaribu mimi ilinizunguka kama gunia la mkaa. Mwalimu Anord akanipa ngao. Alisema Biblia inamtaja mtu aliyembebea Goliathi ngao. Nikauliza jina lake. Akasema halikuandikwa.

Daudi alikuwa Devota, muuza viazi. Kwa usalama, badala ya jiwe kombeo lake liliwekwa kiazi. Kiazi kikamkosa Gwakisa, kikanipata mimi sikioni. Gwakisa akaanguka hivyo hivyo, kwa heshima ya maandiko, na uzito wake wote. Deraya ikapasuka kifuani, rangi ikapukutika, maua mekundu yakachanua mbele ya madhabahu.

Mama alikuwa kiti cha mbele, na dawa ya macho, kwa bahati mbaya, ilikuwa imefanya kazi. Akasimama.

"Sekela," alisema, "lile si godoro nililokupa siku ya harusi yako?"

Sekela aligeuka. Alinitazama mimi. Kile kiazi kilikuwa nafuu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama amehamia kitanda chetu, pamoja na Sekela. Mimi niko chumba cha wageni, juu ya mgongo wa Goliathi. Maranda yameingia masikioni. Asubuhi mama alinikuta uani, akanisalimu kwa adabu zote, "Mugonile?" Nikamjibu kwamba nimelala salama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema kitanda kile kipya kimemkubali, huenda akakaa mpaka Krismasi.

Sekela hajacheka.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwapia Sekela kwamba mambo ya deraya basi. Nimeapa nimesimama, mama akiwa shahidi. Mchana nikapakuliwa chakula, na kipande cha nyama juu.

Jioni Mwalimu Anord alipita dukani kutoa kopi za nyimbo za Krismasi. Safari hii igizo litakuwa la mfalme Herode. Herode mwenyewe hajapatikana. Nilimtolea kopi zake tu.

Ila kosa langu sasa naliona wazi, na ni moja: sponji. Sponji hutanuka. Mfalme anataka bati. Na bati mpya za paa la nyumba ya mchungaji zimeshushwa jana, zimeegemezwa ukutani nyuma ya kanisa. Nitachukua mbili tu, za upande ambao mvua haipigi sana.