Jinsi Arnfinn Alivyolishinda Jua kwa Ajili ya Maganda Matano

Sogezeni vikombe vya kahawa, enyi wenye masikio, na anayetafuna atafune polepole, kwa maana nasimulia vita ambavyo mwanadamu alipigana na Jua lenyewe, akalishinda, tena akiwa amevaa soksi za sufu!

Shujaa ni Arnfinn Nergård, Simba wa Banda la Zana, fahari yetu sisi wawindaji wa Nordbukt. Marehemu baba yake alimrithisha bunduki kongwe ambayo maganda ya risasi zake hayatengenezwi tena popote chini ya mbingu, na Arnfinn akaapa makaburini kwamba hatawinda kwa nyingine. Kila akifyatua huokota ganda, hulijaza baruti upya. Lakini shaba iliyotumika mno hukakamaa, na shingo yake hupasuka. Yalisalia maganda matano mazima. Na mtihani wa shabaha, ambao kila mwindaji hufanya kabla ya msimu, ulikuwa Jumamosi na ulidai risasi tano.

“Ukifeli, bwana,” Jorunn, mwanamama kiongozi wa windo, alimwambia Arnfinn, “msimu huu utatuchemshia kahawa.”

Dawa ya shaba kakamavu ni moto. Ganda husimamishwa ndani ya sinia la maji hadi kifuani, shingo ikapigwa ndimi za moto wa gesi, na wekundu wa kwanza ukichungulia, huangushwa majini papo hapo. Ukichelewa, shingo hulegea kama uji. Wekundu huo huonekana gizani tu, na ulikuwa mwezi Juni, ambapo kwetu huku kaskazini ya mbali Jua halizami, bali huzunguka mbinguni kama mgeni asiyejua kuaga.

Arnfinn akatundika mablanketi madirishani mwa banda la zana. Jua likapenya tundu la kufuli. Akaziba tundu, likapita chini ya mlango.

“Ewe Jua dhalimu!” akanguruma. “Mababu zangu walikuota huku wakinywa supu! Leo nakutangazia vita!”

“Unagombana na nani humo?” akauliza mkewe Borghild. “Na sinia langu la keki liko wapi?”

“Liko vitani, mke wangu.”

“Vitani! Na kesho nina wageni! Haya, lilete kwenye shimo la kuhifadhia viazi. Kule hata vidole vyangu sivioni.”

Ndipo majeshi mawili yakashuka chini ya ardhi, Borghild akishika sinia, Arnfinn akishika moto. Ganda la kwanza, tsss! La pili, la tatu, la nne, tsss! Nalo la tano lilipokuwa katikati ya ndimi, mlango ukafunguliwa, Jua likamwagika ndani kama maziwa.

“Hodi!” akaita Jorunn. “Mnaficha nini?”

“Funga, shoga, utaniulia mume!” Borghild akalitua sinia, akaurukia mlango, akaubana kwa mgongo. Giza likarudi. Wekundu ukachungulia. Tsss!

Jumamosi, risasi tano, matundu matano. Arnfinn akapiga magoti nyasini, akayakagua maganda moja moja, na hakuna lililopasuka. Akalia waziwazi, akisema baba yake angefurahi, na Jorunn akavua kofia, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

Basi ulimwengu ukumbuke: kwenye mlango wa shimo la viazi pameandikwa kwa mkaa, “HAPA JUA LILISHINDWA.” Na chini yake, kwa mwandiko wa Borghild: “Na sinia bado halijaoshwa.”