Barua ya Posa na Atomu Iliyosinyaa

Nimesikia chaki kabla sijamwona mtu. Tak, tak, tak, nyuma ya pazia. Jamani, leo nimepatikana!

Wiki iliyopita wazee wangu walipeleka barua ya posa Malindi, kwa kina Salma. Barua hiyo huwa mistari mitatu ya heshima, na muoaji hukaa kwao akingoja jibu. Mjomba Khamis alinisihi, "Mitatu tu, mwanangu." Mie, mtunzi wa riwaya? Nikaandika kurasa mbili. Na kwa kuwa babake Salma kafundisha kemia maisha yake yote, nikazipamba kwa kemia (niliyoiacha kidato cha pili).

Jibu halikuja. Leo nikaitwa mwenyewe, nikaenda na mjomba.

Pazia likafunguka. Kanzu nyeupe, vidole vyeupe zaidi, ubao mdogo kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Soma hapa."

Nikaisoma barua yangu: "Kama atomu zinavyopanuka kutoka sodiamu kwenda klorini, ndivyo mapenzi yangu kwa Salma yatakavyopanuka mwaka hadi mwaka."

"Kwa nini zipanuke?"

"Elektroni zinaongezeka, Mwalimu. Zinataka nafasi." (Nilijibu kwa kujiamini. Mola anisitiri.)

"Na protoni, haziongezeki? Kiini kinazidi kuvuta, matabaka ya elektroni ni yale yale. Atomu inasinyaa! Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mapenzi yako kwa binti yangu yatapungua kila mwaka!"

Nyuma ya pazia vicheko vikapasuka. Cha Salma nilikitambua. Mjomba akajifunika uso kwa kofia.

"Basi posa... imekataliwa?"

Akaniwekea ubao mapajani. "Wapi atomu hukua?"

Nikaukodolea macho. Lithiamu, chini yake sodiamu, chini yake potasiamu. Kila moja kaizungushia duara moja zaidi ya ile ya juu yake.

"Zikishuka chini, Mwalimu?"

"Kwa nini?"

"Kila hatua... tabaka jipya."

"Haya, andika hivyo. Mistari mitatu!"

Nikaandika pale pale, juu ya goti. Akasoma. Akatia tiki nyekundu (wallahi, tiki!), akamgeukia mjomba: "Wazee waje Ijumaa, tupange siku."

Alhamdulillahi! Nikamshika mjomba mkono, tukatoka nje.

Msinicheke, tafadhali. Hata Mwalimu mwenyewe kajikaza asinicheke, mpaka alipokwisha kufunga mlango nyuma yangu.