Hotuba ya Kufungua Choo cha Ufukweni, Porth Hesgin

Mheshimiwa Meya pamoja na mkufu wako wa cheo, Waheshimiwa Madiwani wenzangu mliofika na mliotuma udhuru, Mchungaji wetu, Bwana Kiongozi wa Bendi ya Tarumbeta, wenye hoteli, wenye maduka, na wageni wetu kutoka England mliokuja kuota jua ambalo, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa Halmashauri, halijatoka, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama haikuzingatiwa, izingatiwe sasa.

Mimi, Diwani Meredydd Pugh, Mwenyekiti wa Kamati ya Huduma, Fukwe na Mandhari kwa awamu ya nne mfululizo, nasimama mbele ya turubai hili la buluu, ambalo nyuma yake, muda si mrefu, macho yenu yatashuhudia Kituo cha Kisasa cha Kukidhi Haja za Wananchi. (Sauti: "Haja ipi, Diwani, kubwa au ndogo?" Kicheko.) Zote, mama, zote kwa mpigo, kwa mujibu wa mpango mkakati.

Ndugu zangu, wapo watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakidai kwamba Halmashauri haisikii. Simtaji mtu. (Wote wanamgeukia Bi Nerys Probert, mwenye duka la nyuzi za sufu, aliyesimama mbele na utepe wa mgombea kifuani.) Naam, huyo huyo, ambaye Alhamisi, siku ya uchaguzi, anataka kukikalia kiti changu. Basi niwaeleze ilivyokuwa, maana historia isiposimuliwa na wenye mamlaka itasimuliwa na wenye maduka.

Tulipokifunga choo cha zamani, na tulikifunga kwa uchungu mkubwa, baada ya upembuzi yakinifu kubaini kwamba asilimia tisini na nane ya waliokuwa wakiingia humo hawakununua kitu, Bi Nerys alitupigia simu. Tukampokea kwa muziki, kisha akaelezwa kwa adabu kwamba vyoo viko chini ya Idara ya Fukwe. Fukwe wakamweleza kwamba mlango wa choo unatazama barabara, kwa hiyo aende Idara ya Barabara. Barabara wakamweleza kwamba malalamiko hupokewa kutoka kwa mtumiaji wa huduma tu, na kwa kuwa choo kimefungwa, yeye si mtumiaji. Idara tatu, ndugu zangu, kumhudumia mwananchi mmoja! Ni mji gani mwingine wa Wales wenye neema hiyo? (Sauti: "Haja haisubiri kamati!" Makofi, ila si ya Diwani.)

Hakutosheka. Akatuletea habari za mumewe, Mzee Elwyn, dereva wetu wa basi mstaafu, ambaye ana maradhi ya kibofu, na ambaye siku ya soko, pale kituoni, mbele ya abiria aliowabeba tangu wakiwa wanafunzi, alipatwa na tukio dogo la unyevunyevu. Nasema "tukio dogo la unyevunyevu" kwa sababu ndivyo lilivyoingizwa kwenye kumbukumbu zetu. Tangu hapo, tunaambiwa, mzee hatoki nje, anashinda dirishani akitazama mabasi. Halmashauri ilisikitika kwa kauli moja, ikapendekeza apunguze chai. (Bi Nerys: "Mgonjwa, Meredydd! Mtu mgonjwa mnamwambia apunguze chai! Rudia, wenzako wasikie!") Nafasi ya maswali itatolewa, Bi Nerys, kama ulivyopewa kwenye kikao chetu, ambapo kanuni zilikuruhusu kuuliza, na sisi hazikuturuhusu kujibu.

Ndipo mimi, kwa ucheshi wangu mnaoufahamu, nikamwambia: "Kama unaona kazi hii ni sawa na kufuma soksi, gombea mwenyewe." Madiwani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ulikuwa utani, jamani! Mtu mzima anauchukua utani, anauvalia koti la mvua, anaubishia hodi kila mlango wa mji huu, mpaka kwa mama yangu mzazi! (Sauti ya kikongwe: "Na nimempa chai, na chooni nikamwonyesha! Wewe hata kuja kunisalimu huji!") Mama, tutaongea nyumbani.

Turudi kwenye maendeleo. Kituo hiki kitakuwa na vyumba kumi na viwili, maji moto, vioo visivyopata ukungu, na nyimbo za kwaya zitakazopigwa kwa sauti ya staha. Kitapunguza kubanwa katika kata hii kwa asilimia mia moja na nne, na wataalamu watakuja kutoka Ulaya nzima kujifunza namna sisi... (Upepo wa baharini unalinyanyua turubai na kuondoka nalo. Nyuma yake: nguzo nne, nyasi, na shakwe anayekula chipsi.) Msitazame huko! Mnachokiona ni awamu ya kwanza, awamu ya uwazi! (Kicheko kikubwa. Kisha kicheko kinakatika. Watu wanampisha mzee mwenye kofia ya udereva.)

Na huyo ni nani? Mzee Elwyn! Mnaona? Halmashauri imemtoa nyumbani! Panda jukwaani, mzee wangu, tupige picha. (Mzee Elwyn: "Picha piga na nyasi zako. Mimi nimekuja kusimama na mke wangu. Nikibanwa, nibanwe, hakuna asiyejua." Bi Nerys anamshika mkono. Mchungaji: "Twendeni kanisani, Elwyn. Choo kipo, na chai ipo, unywe utakavyo." Watu wanawafuata.) Mchungaji, hata wewe? Jamani, bado kuna kaulimbiu! Nikisema "Porth Hesgin", mseme "Mbele!" Porth Hesgin! (Anayeitikia ni shakwe peke yake.) Porth Hesgin!

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru msanifu atakayeteuliwa, mkandarasi atakayepatikana, na mwenye kiwanja hiki, ambaye amekataa katakata kutuuzia. Naishukuru bendi, ambayo naona inafungasha. Na kampuni iliyotukodisha turubai, ambalo naomba mtu, mtu yeyote, alikimbilie kabla halijafika majini. Katibu, andika: "Makofi ya muda mrefu." Katibu? (Katibu amekwenda kanisani.)