Mguu Mbovu wa Kuazima

Jumatano, 8 Oktoba

Uwanja wa ndege, saa mbili asubuhi. Nimepigwa na butwaa. Naandika ili nisiseme peke yangu, maana walinzi wameshaanza kunitazama.

Hakuna watu! Wasafiri wapo, tena tele. Ninaowatafuta ni wale wenye sare. Mara ya mwisho kupanda ndege, kabla ya ugonjwa ule uliotufunga midomo kwa vitambaa, nilikuta binti nyuma ya meza, skafu shingoni. Aliniita baba, akanipimia begi, akaniuliza kama napenda dirishani. Leo ni mashine tupu, zimejipanga safu. Moja nimeisalimia, kwa mazoea. Ikaniambia nivue kofia. Nimevua. Ikasema uso wangu hausomeki. Nina miaka sabini na sita, sijawahi kutukanwa na kabati.

Begi unapima mwenyewe. Karatasi ya begi unabandika mwenyewe. Yangu imenasa kwenye mkono wa koti na imekataa katakata kutoka.

Naenda kwenye harusi ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Baba yake alituacha mwaka ule wa barakoa, na mazishi tuliyasikilizia kwenye simu. Kwa hiyo anatakiwa mzee wa kumshika bibi harusi mkono na kumwingiza ukumbini mbele ya watu wote. Mjukuu amenichagua mimi. Mimi! Si Mzee Filimbi, babu yake mzaa baba, aliyekuwa refa wa mpira maisha yake yote. Mzee huyo ana miaka sabini na tisa na bado anakimbia kila asubuhi, na kaptura juu, bila aibu. Aliposikia nimechaguliwa mimi alisema basi nianze mazoezi ya kutembea mapema. Maneno ya kuudhi. Miguu yangu ni mizima kama ya meza.

Saa tatu. Foleni haijasogea. Lakini nimegundua jambo! Wanaokaa kwenye viti vya magurudumu wanasukumwa na watu. Watu halisi, wenye midomo. Wanaambiwa pole, wanaulizwa kama wana kiu. Wanapita pembeni kama mawaziri.

Nimeanza kuchechemea.

Baadaye, ndani ya ndege. Imekubali! Mama mmoja wa sare ametokea sijui wapi, akanikalisha kwenye kiti, akaniita babu. Akauliza mguu umeanza lini. Nikasema tangu ugonjwa ule. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwenye kimashine chake. Akaandika sana. Sikujali. Mwache aandike, ndiyo kazi yake. Nimeingia ndegeni wa kwanza kabisa.

Humu nako mshtuko. Hakuna chakula! Zamani uliletewa sahani ya moto na uma wa chuma, mpaka ukaogopa kula usije ukaonekana mlafi. Sasa hata maji ni biashara, na ukitaka kujua kinachouzwa unapiga picha kimraba chenye madoadoa kilichobandikwa mbele yako. Simu yangu ni ya vibonyezo. Nimekitazama kimraba, kikanitazama. Lakini yule mama alikuwa amemnong'oneza mhudumu kuhusu mguu wangu, nikaletewa maji na blanketi. Jirani yangu, mwenye tai, amenitolea macho ya wivu. Nimeugulia kidogo ili roho yake itulie.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hoteli. Ee jamani!

Niseme kwanza kwamba mimi hoteli naijua kwa ndani. Nilikuwa dobi wa hoteli miaka ishirini na saba. Niliacha shule darasa la nne, lakini nipe shuka nikuambie limefuliwa na nani na siku hiyo aligombana na mkewe au hapana. Shuka la hoteli linatakiwa liwe na wanga, lilie ukililalia. Hili la hapa ni bubu. Limetoka kwenye mashine likaletwa lilivyo, mikunjo kama uso wangu.

Mapokezi hapana mtu. Pana kengele, na chini yake kibandiko kinachosema kengele haitumiki. Kadi ya mlango imetemwa na mashine. Nimeuliza kwa sauti nani atanifanyia usafi wa chumba. Mzee mmoja anayepiga deki, mtu pekee niliyemwona, akanijibu kwamba siku hizi chumba kinasafishwa kwa maombi. Nikamwambia mimi si mtu wa kanisani sana. Akacheka mpaka akaegemea fagio. Akaniambia zamani walikuwa kumi na wanne kwenye ghorofa hii. Ugonjwa ulipokuja wakarudishwa nyumbani wapumzike kidogo. Wenzake bado wanapumzika mpaka leo.

Kifungua kinywa kinawekwa mezani mwishoni mwa korido, ndani ya mfuko wa karatasi: mkate, yai baridi, ndizi yenye mawazo. Ule ukumbi wa sahani ishirini, wa kurudi mara ya nne kwa aibu, umefungwa. Humo sasa wamepanga viti vilivyovunjika.

Na sabuni! Nilikuja na mfuko mtupu mahususi kwa vile visabuni vidogo. Hakuna hata kimoja. Kuna chupa kubwa tatu zimepigwa misumari ukutani bafuni. Mgeni sasa ni mwizi kabla hajaiba.

Ila chumba changu ni kikubwa, kipo chini kabisa, mlango mpana, vyuma vya kushikilia kila ukuta. Nikajisifu kwamba wamenitambua kama mtu wa fani.

Hawakunitambua. Saa sita binti yangu aliingia analia. Nyuma yake Mzee Filimbi, amevaa raba. Kumbe tiketi na chumba binti alivikata pamoja, kwa namba yake ya simu. Kila alichoandika yule mama wa sare kimemfikia binti kwenye simu: msafiri wako hawezi kutembea, tatizo ni la tangu ugonjwa, kiti kimetolewa, chumba maalumu kimeandaliwa. Mtu wa kukuuliza habari ya asubuhi hayupo, lakini wa kukutangaza yupo!

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Binti akaniwahi. Akaniambia nisihangaike wala nisione vibaya, kwani Mzee Filimbi amekubali kumwingiza mtoto ukumbini badala yangu. Filimbi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikaliona tabasamu likitokea pembeni ya masharubu. Akaniambia, "Pole sana, babu mwenzangu. Mechi haisubiri majeruhi."

Ningesemaje mbele yake kwamba nimedanganya ili nisukumwe? Angetangaza kwenye kipaza sauti.

Nimeshtuka mpaka mguu ukauma kweli. Kisha mjukuu mwenyewe akapiga simu. Hakulia. Aliomba tu nisimfiche kitu. Nikamwambia ni uchovu, naendelea vizuri. Akaniuliza mara ya pili, kisha akakata simu.

Mpango: kesho nipone nusu. Jumamosi nipone yote. Taratibu, kisayansi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango umekufa.

Asubuhi nilitangaza kwa simu kwamba naweza kusimama. Binti akafurahi, akasema nisithubutu kujaribu peke yangu. Akampa Mzee Filimbi kadi ya pili ya chumba changu ili awe ananichungulia. Sikuambiwa! Na huko mapokezi mashine imetoa kadi hiyo bila hata kuuliza huyu ni nani. Enzi zangu mtu angeombwa kitambulisho na ukoo mzima.

Saa nne nilikuwa bafuni. Nimepanda juu ya stuli, mguu mmoja kwenye stuli, mwingine kwenye ukingo wa beseni, napambana na chupa ya sabuni kwa kijiko. Msumari wa kwanza ulishalegea. Nilikuwa naimba.

Mlango ukafunguka. Mzee Filimbi.

Tulitazamana. Mimi juu, yeye chini. Kijiko kikaanguka.

Nilisema ni muujiza. Akasema muujiza haubebi kijiko. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kadi ya chumba changu, akainyanyua juu ya kichwa chake polepole, kama enzi zake, na mkono mwingine akanionyesha kitandani. Nimetolewa nje! Chumbani kwangu!

Masharti yake: yeye atanyamaza. Mimi nitakaa kwenye kiti. Mtoto wa mwanawe ataingizwa na yeye.

Nikamwambia huyo mtoto alikaa kwangu miaka sita akisoma, sare zake nilizipiga pasi mimi. Akasema yeye hakupata hata kumzika mwanawe, na anachotaka ni kutembea hatua ishirini. Nikamuuliza kama anataka ndizi. Akala. Akasema ni mbaya. Tukakubaliana juu ya hilo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa tisa alasiri, mlangoni mwa ukumbi. Suti, tai, kiti cha magurudumu. Mjukuu wangu kashuka garini, mweupe kama shuka la zamani, lile linalolia. Filimbi akanyoosha mkono wake. Mtoto akampita. Akaja nyuma ya kiti changu, akashika vishikio, akasema mbele ya wote kwamba babu aliyemchagua ni huyu, na kama hawezi kutembea atasukumwa na bibi harusi mwenyewe. Babu mwingine atembee pembeni.

Watu walilia! Akina mama mstari wa mbele walipitishiana kitambaa kimoja. Mimi nilitazama magoti yangu. Sijawahi kuwa na magoti yenye afya na aibu kwa wakati mmoja. Gauni lilikuwa linanasa kwenye gurudumu kila hatua, na yeye anasukuma, anapumua kwa nguvu. Filimbi pembeni ananong'ona bila kufungua meno: "Raha iliyoje, mheshimiwa mzigo."

Tukafika jukwaani. Ngazi tatu. Hakuna aliyezifikiria. Bwana harusi akashuka, akashika kiti upande mmoja. Filimbi akashika upande mwingine, akatangaza kwa sauti wazee wenye nguvu tupo, watu waanze kuhesabu. Ukumbi mzima ukahesabu. Moja! Mbili!

Kubebwa na Filimbi? Huku picha zinapigwa?

Kabla ya tatu nilikuwa juu jukwaani. Nimezipanda zote tatu, mbili kwa mpigo. Sikumbuki kuamua.

Kisha mama mmoja akapiga kelele kwamba babu amepona! Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, viti kupinduka, mshereheshaji ameangusha kipaza sauti. Mtu akanishika mguu na kuubusu. Filimbi alisimama anakodoa macho, ameshika kiti kitupu. Hawezi kunisema. Alijua tangu jana, akaficha!

Nilimgeukia mjukuu kwa ushindi. Hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama miguu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepokea wagonjwa wanne mlangoni. Wanataka kujua niliomba sala gani. Mmoja nimemwambia ajaribu ngazi.

Kisha akaja mjukuu, na mumewe akabaki garini. Alikaa kitandani, akakunja ncha ya shuka kwa pembe kama nilivyomfundisha. Hakupandisha sauti; aliniuliza tu mguu ulikuwa na nini, nikamweleza yote, mpaka maji ya ndegeni. Akanieleza kwamba siku baba yake alipopelekwa hospitali, ujumbe wa kwanza kwenye simu ulisema amepewa kiti cha magurudumu, hali yake ni nzuri. Wa pili ulisema anapumzika. Wa tatu haukuwa na haja ya kusomwa. "Mama aliponionyesha ujumbe kuhusu wewe Jumatano, babu, nilikaa chini jikoni. Siku tatu naogopa simu ikilia. Halafu ulikuwa unatafuta maji ya bure."

Nilitaka kuongeza: na blanketi. Nikanyamaza. Ni mara yangu ya kwanza.

Nimemwomba msamaha bila kuchanganya na mzaha. Akanishika mkono, akanitembeza korido nzima, kwenda na kurudi, hatua nyingi kuliko za ukumbini, tumepita mashine, tumepita meza ya mifuko, mpiga deki kavua kofia. Akataka niape kwamba sitachechemea tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa miguu yangu miwili. Nimeapa kweli, na machozi yakanitoka. Tena mengi.

Nimebadilika. Najisikia mtu mwingine.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ndani ya ndege, kurudi nyumbani. Nimesimama foleni kwa saa mbili nzima kwa miguu yangu, wima kama mlingoti. Hakuna aliyeniambia hata pole. Mashine imeniambia nivue kofia. Nilitulia. Kiapo ni kiapo.

Lakini mbele yangu palikuwa na bibi mmoja mwenye bandeji ya jicho. Kashikwa mkono! Kapitishwa pembeni! Kapewa kiti cha dirishani, ambacho, kwa hali yake, ni hasara tupu.

Duka la dawa pale uwanjani linauza bandeji. Nimefikiri sana. Kuhusu macho sikuapa lolote, na mjukuu hakuniuliza.

Nimeletewa chai! Ya moto, na biskuti mbili, na mhudumu ameniita baba. Huduma ya zamani haijafa, jamani, inataka tu kuombwa kwa akili. Tatizo dogo: jicho nililofunga ndilo la kusomea, na shajara hii haiandikiki. Sasa hivi nimeihamishia bandeji kwenye jicho la pili, naona mistari vizuri kabisa.

Mhudumu amesimama hapa na birika, ananitazama muda mrefu. Huruma imemjaa, masikini.