Marehemu Gundi na Kicheche Aliyemeza Jiwe

Jumatatu, 3 Februari

Leo bahati imekumbuka ninapokaa. Filamu yetu ya katuni imebakiza muziki tu. Ni hadithi ya kuku anayezunguka dunia akitafuta yai lake lililoibwa na kicheche. Nimeitazama mara nyingi mno, siku hizi nikila yai najiona mhalifu. Mimi ni mhariri msaidizi wa sauti. Yaani mabawa yakipiga, mlango ukilia, miguu ikikimbia, ujue ni mimi na mwavuli mbele ya maikrofoni.

Bosi, ambaye ndiye mwongozaji, alitaka wimbo mmoja maarufu wa zamani pale kuku anapoliaga banda. Anasema watoto wanakuja kumwona kuku, wazazi wanakuja kusikia wimbo waliouchezea ujanani. Wenye wimbo wakataja bei. Bosi akaomba maji ya kunywa. Basi kazi amepewa Maestro, mtunzi wetu, anayevaa skafu hata ndani ya chumba kisicho na dirisha. Akiwa bado anatunga, mimi niweke wimbo wowote wa kushikilia nafasi.

Wimbo wowote! Kila mtu wa kazi hii anaujua ugonjwa wa wimbo wa kushikilia nafasi. Bosi akiusikia kila siku, anauzoea. Akiuzoea, anaupenda. Mtunzi akija na wake anaambiwa ni mzuri, lakini ule wa mwanzo ulikuwa na kitu. Nami wimbo ninao. Niliutunga mwenyewe nikamwimbia mke wangu siku ya harusi yetu. Unaitwa "Usiniache Kizingitini". Una beti saba. Nilipofika ubeti wa tatu, baba mkwe aliagiza chakula kianze kugawiwa. Sijasahau.

Jumanne, 4 Februari

Nimeupachika. Kuku anageuka, analitazama banda, na sauti yangu inaingia. Nywele zilinisimama. Bosi alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza anayeimba ni nani.

Ningesema ni mimi, angecheka kwanza ndipo asikilize. Msanii anayekaa meza ya jirani haheshimiwi. Nikasema ni mwanamuziki wa zamani. Akauliza yuko wapi siku hizi. Nikasema alishafariki. Marehemu hakosolewi, hilo nililipiga hesabu hapohapo. Akauliza jina. Mezani palikuwa na chupa ya gundi. Nikasema Gundi. Mzee Gundi.

Bosi akainamisha kichwa. Maestro naye, asije akaonekana hajui historia ya muziki, akasema alimwona Gundi jukwaani enzi zile, na kwamba ukumbi mzima ulilia. Nilimtazama anavyodanganya kwa macho makavu. Kuna watu hawana haya kabisa.

Jumatano, 5 Februari

Jumamosi kuna onyesho la majaribio. Bosi anataka watoto halisi, si wapwa zake, ambao wameshanunuliwa kwa biskuti. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, kwa hiyo ataleta darasa lake.

Nikampa habari yenyewe: wimbo wa harusi yetu umo ndani ya filamu. Akauliza kama ni beti zote. Nikamwambia ni ubeti wa kwanza na kiitikio tu. Akashusha pumzi ndefu. Furaha ya mke wangu huwa haina makelele.

Nikampigia baba mkwe na kumwalika. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunichekea wala kunisifu, ananisalimia tu kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Jumamosi atajua alimwoza kwa nani. Aliuliza kama ukumbini kutakuwa na mwanga wa kusomea gazeti.

Habari za Gundi sikuzigusa. Ya ofisini yabaki ofisini.

Alhamisi, 6 Februari

Maestro ameleta wimbo wake. Niseme ukweli, humu daftarini haingii mtu: ni mzuri. Nilikaribia kulia, nikajiokoa kwa kuitazama ile skafu.

Mimi ndiye niliyetakiwa kumpigia Bosi wimbo huo. Nikapunguza besi, nikaongeza mwangwi, hadi mwimbaji akasikika kama ametumbukia kwenye pipa. Bosi akakunja uso. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Maestro akainuka, akaja mezani kwangu, akarudisha vitufe mahali pake, akaketi. Bosi alitumia kisanduku kizima cha tishu.

Wimbo wangu ukatolewa. Nikamwona akilini baba mkwe akifungua gazeti Jumamosi. Nikasimama, nikasema kwamba tutakuwa tumemzika Gundi mara ya pili. Hapo Bosi akaguswa. Akasema marehemu hatatupwa, yeye na Maestro watamtafutia mahali panapoendana na uchungu wa sauti yake.

Panapoendana na uchungu. Lazima ni mwishoni, kuku anapolikumbatia yai. Nimenunua shati jipya.

Ijumaa, 7 Februari

Bosi na Maestro wamejifungia chumba cha uhariri. Mimi nimetumwa kubeba viti. Nilipitia mlangoni kila nilipopata kisingizio. Nilisikia Bosi akipiga meza na Maestro akikohoa kwa machozi. Gundi anawatesa watu wazima. Nimebeba viti kwa moyo mkunjufu.

Jumamosi, 8 Februari

Watoto mbele kwenye mikeka, mke wangu katikati akiwatuliza, baba mkwe nyuma na gazeti lake. Kuku akaaga banda kwa wimbo wa Maestro. Mtoto mmoja alitoa kidole puani kwa heshima. Mke wangu akanigeukia. Nikampa ishara asubiri.

Akaja kicheche. Amemeza jiwe akidhani ni yai. Siku ya pili yake amejificha nyuma ya kichaka, amechuchumaa, macho yamemtoka, anasukuma. Na hapo nikaisikia sauti yangu. "Usiniaaaache." Ile noti ndefu, ambayo siku ya harusi niliishikilia hadi msimamizi wangu akaniletea maji. Mashavu ya kicheche yalivimba nayo, yakatetemeka nayo. Nilipofika "kizingitini", jiwe likaanguka.

Watoto walibingirika. Mmoja alipoteza kiatu. Wakadai irudiwe, Bosi akairudia, na mara ya pili waliimba nami, wamechuchumaa wote, wanasukuma. Nyuma nikasikia mlio nisioujua. Baba mkwe alikuwa anacheka. Gazeti liko chini, miwani mkononi, anajifuta macho. Sikuwahi kujua kwamba ana pengo.

Mke wangu alikuwa ameufunika uso kwa mkoba. Mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza.

Kisha maandishi ya mwisho yakapita: kwa kumbukumbu ya marehemu Mzee Gundi, sauti ya uchungu wetu sote. Baba mkwe akavaa miwani, akayasoma kwa sauti, akanigeukia. Akauliza imekuwaje marehemu akaimba kwenye harusi ya mwanawe. Nikajifanya napanga viti.

Jumapili, 9 Februari

Asubuhi nzima mke wangu hakunitazama usoni. Niliona aibu, na iliniuma. Kicheche si kitu. Lakini wimbo ule ulikuwa wake, mimi nikauvalisha jina la gundi na kuupeleka kichakani. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia kesho nitasema ukweli kwa Bosi na wimbo utatolewa.

Akaweka kikombe chini. Akasema siku ya harusi yetu alibanwa na kicheko tangu ubeti wa kwanza, akang'ata ua lake la mkononi ili asinivunje moyo. Kicheko kile amekaa nacho tangu siku hiyo. Jana ndipo kilipotoka, na amejisikia mwepesi. Kisha akacheka tena hadi akashika meza. Akaniomba nisithubutu kuutoa.

Jioni baba mkwe alipiga simu. Alitaka nimwimbie ile noti ndefu. Nikamwimbia. Nikasikia simu yake inaanguka. Alipoiokota aliniita mwanangu, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo sina haja tena ya uongo. Kesho naenda kusema ukweli: mwimbaji ni mimi, niko hai, wimbo ubaki ulipo. Nimejiona mtu mzima.

Jumatatu, 10 Februari

Nilifika mapema, ukweli uko mdomoni. Bosi akaniwahi. Amesema mwanasheria amekataa: wimbo wa marehemu hauwezi kubaki bila idhini ya ndugu zake. Jumamosi watoto waliupigia kura nyingi kuliko kuku mwenyewe, lakini asipopatikana ndugu utatolewa leo hii. Akauliza kama namjua yeyote wa familia ya Gundi.

Ilikuwa nafasi safi. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni kwamba ameacha mjane.

Bosi amemwalika Alhamisi. Anaandaa hotuba. Maestro ataleta maua, na amesema anamkumbuka vizuri sana mjane huyo, alikuwa mrefu.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akatoka, akarudi amejitanda kitambaa cheusi. Amesema kama mtu anaweza kuwatuliza watoto wa chekechea, mwanasheria hamshindi. Baba mkwe amejiteua kaka wa marehemu na ameshaanza kutembea na fimbo. Ukweli nitausema baada ya Alhamisi, mambo yakitulia. Au tukimaliza filamu ijayo. Hiyo ni ya konokono wawili wanaooana, na nimepewa tena kazi ya kuweka wimbo wa kushikilia nafasi. Nina wimbo mpya wenye beti tisa. Mwimbaji safari hii hajafa. Nitasema amehamia ng'ambo na hana simu.

Sasa hivi mke wangu yuko mbele ya kioo anafanya mazoezi ya kulia. Machozi yanamtoka papo hapo, mengi, ya kweli kabisa. Nimemwuliza anayatoa wapi upesi namna hiyo. Amesema si kazi kubwa, anaukumbuka tu ule wimbo, beti zote saba, na mimi nimefumba macho.

Nilijua. Miaka yote hii bado unamgusa.